Mfumo wa kupumulia injini usizibwe wakati wa kubadilisha injini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie makala mliyochapa kuhusu kubadilisha injini za magari ya spoti ya zamani. Mwandishi alieleza vizuri habari za gia boksi, propela shafti na rejeta, lakini mfumo unaotoa gesi ndani ya kasha la krenki, yaani sehemu ya chini ya injini inayobeba krenkshafti, aliugusa kwa sentensi moja tu, tena akashauri kwamba mipira yake, yaani mabomba laini ya kupitishia gesi, inaweza kuondolewa na matundu kuzibwa ili injini ionekane safi. Ushauri huo uliwahi kufanyiwa kazi katika gari langu mwenyewe, na kwa sababu najua ulikonifikisha, naona si haki wasomaji wengine waufuate bila kuelezwa matokeo yake.

Hakuna ringi ya pistoni inayoziba kabisa. Kila mara mchanganyiko wa petroli na hewa unapobanwa na kuwaka, sehemu yake ndogo hupenya kando ya ringi na kuteremka hadi kwenye kasha la krenki, ikiwa na petroli isiyoungua, mvuke wa maji na chembechembe za tindikali. Gesi hiyo isipopata njia, shinikizo hupanda ndani ya kasha na oili husukumwa nje popote penye udhaifu, iwe ni sili ya nyuma ya krenkshafti, gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) au tundu la kijiti cha kupimia oili. Mvuke nao ukipoa hugeuka maji, ukachanganyika na oili na kuwa uji mweupe mzito chini ya kifuniko cha kujazia. Katika magari ya zamani zaidi, gesi zilimwagwa chini ya gari kwa bomba lililotegemea upepo wa mwendo, hivyo gari liliposimama kwenye foleni, kupumua kwa injini nako kulikaribia kusimama. Mwaka 1961 jimbo la California nchini Marekani liliamuru gesi hizo zirudishwe kwenye manifoldi ya kuingizia hewa zikaungue, ili kupunguza uchafuzi wa hewa, na kuanzia 1963 amri hiyo ikatumika kwa magari mapya ya Kimarekani yaliyouzwa humo. Kwa hiyo magari mengi ya spoti tunayoyaita ya zamani leo yalitoka kiwandani yakiwa na mfumo huu, na kabureta zake zilipimwa huku mfumo ukifanya kazi.

Gari langu ni Datsun 240Z. Injini yake ya asili, L24 ya sentimita za ujazo 2,393, ilichoka, nikaamua kuweka L28 ya sentimita za ujazo 2,753, ambayo ni ya ukoo uleule na huingia bila kukata chuma. Karakana niliyoipelekea ilitumia manifoldi na kabureta zangu za awali, na hilo lilikuwa sahihi. Kasoro ilianzia kwenye mpira unaotoka katika bomba la kando ya bloku na kupanda hadi kwenye vali ya PCV, yaani vali inayopima kiasi cha gesi za kasha zinazonyonywa na manifoldi, ambayo imefungwa chini ya bomba linalounganisha pande mbili za manifoldi. Katika injini hizi manifoldi ya hewa na ya eksozi ziko upande mmoja, kwa hiyo mpira huo huishi miaka yote kwenye joto kali na hukauka kama gome la mti. Ulivunjika ulipokuwa unachomolewa. Badala ya kutafuta mwingine, fundi alifunga boliti mahali pa vali, akaziba bomba la bloku, na juu ya kava ya tapeti, yaani kifuniko cha juu ya injini, akachomeka kichujio kidogo kinachong'aa.

Kwa mwendo wa taratibu sikuona dosari yoyote. Baada ya wiki chache za safari ndefu, sponji ya kile kichujio ililowa oili na kuziba, na oili ikaanza kudondoka kwenye kasha la klachi. Gia boksi ilishushwa, sili ya nyuma ikabadilishwa. Ikavuja tena, ikashushwa mara ya pili. Sili zote mbili zilikuwa nzima. Fundi mwingine, mtu mtulivu aliyeanza kwa kutazama kabla ya kushika spana, aliuliza tu vali iko wapi. Aliporudisha vali na mpira unaofaa, uvujaji ulikoma, na gia boksi haikuguswa tena.

Tangu hapo nimejifunza kwamba uharibifu mwingi hutokea mezani, injini ikiwa nje, wala si barabarani. Kabla ya kuchomoa mpira wowote, upigwe picha na kufungwa utepe wenye alama pande zote mbili, kwa kuwa baada ya miezi mitatu hakuna anayekumbuka upi ulikwenda wapi. Katika injini ambazo vali hukaa kwenye kava, vipete (pete ndogo za mpira) vinavyoishika vikishazeeka huwa vigumu kama plastiki, na anayevibandua kwa bisibisi huangusha vipande ndani ya injini. Kava ishushwe kwanza, kipete kikatwe kwa kisu, na vipande vipangwe mezani mpaka kionekane kizima. Matundu yanayobaki wazi yafunikwe kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na mtu avae glavu, kwa maana oili iliyokwisha kutumika ina kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi kwa anayeigusa mara kwa mara.

Hatari ninayoihofia kuliko zote ni usafishaji wa kava kwa kupuliza mchanga au shanga za kioo. Ndani ya kava nyingi kuna bati la kuzuia oili isirukie kwenye tundu la kupumulia, na nyuma ya bati hilo kuna uwazi ambao jicho halifiki. Shanga huingia humo zikajificha, maji hayazitoi zote, kisha injini ikipata joto oili huzilegeza moja moja na kuzipeleka kwenye beringi za krenkshafti. Injini iliyojengwa upya kwa gharama kubwa inaweza kufa kwa sababu ya kava iliyong'arishwa. Kama bati linafunguka, lifunguliwe kabla ya kupuliza. Kama limepigwa ribiti na haliwezi kutolewa, kava ioshwe kwa mafuta ya taa na brashi, na wasiwasi wa kung'aa uachwe. Bati lenyewe lisitupwe, maana bila hilo oili hunyonywa moja kwa moja hadi kwenye manifoldi na gari hutoa moshi wa buluu ambao wengi huusingizia ringi. Vivyo hivyo wavu wa chuma ulio ndani ya kitenganishi cha oili, yaani kikasha kinachotenga matone ya oili na gesi, hauna budi kuoshwa na kurudishwa, kwani pamoja na kuchuja matone hupunguza nafasi ya moto wa kabureta kurudi kwenye gesi zinazoweza kuwaka.

Vali za PCV nazo hufanana kwa sura na kutofautiana kwa kazi. Injini inaponguruma bila kukanyagwa, mvuto wa manifoldi, yaani nguvu yake ya kunyonya, huwa mkali na huvuta kipini cha ndani ili kipitishe gesi kidogo. Katika mwendo wa kawaida mvuto hupungua, springi husukuma kipini na njia hupanuka. Vali iliyopimwa kwa injini nyingine huweza kupitisha hewa nyingi mno, injini ikakosa utulivu na mchanganyiko ukawa mwepesi wa petroli, au kidogo mno, shinikizo likabaki palepale. Anayeweka kabureta tatu za koo mbilimbili, kila koo ikilisha silinda yake, hukuta hana tena bomba la kuunganisha manifoldi, na akichomeka vali kwenye koo moja tu, silinda hiyo moja ndiyo itakayopata hewa ya ziada na kuungua vibaya. Hapo inafaa kuvuta mvuto kwa usawa kutoka kwenye koo zote. Mpira wenyewe uwe wa kuhimili oili na usiobonyea unaponyonywa. Mpira wa maji ya hita huvimba na kulainika ndani ya muda mfupi.

Najua litajibiwa kwamba magari ya mashindano hayana vali hizi. Ni kweli, lakini yana mipira mipana inayokwenda kwenye tangi la kukusanyia oili, na oili yake hubadilishwa mara kwa mara. Gari la barabarani huwashwa likiwa baridi, likaenda safari fupi na kuzimwa kabla mvuke haujakauka, na hilo ndilo linalohitaji kunyonywa gesi kila dakika.

Namwomba mwandishi wenu, atakaporudia mada hii, aongeze kipimo ambacho hakihitaji chombo chochote: injini ikiwa ya moto na inanguruma polepole, vali ichomolewe kwenye tundu lake na kidole kiwekwe kwenye mdomo wake; mvuto usiposikika, njia imeziba au imesahaulika. Kuitikisa vali ili isikike ikigonga hakutoshi, kwani hata yenye springi iliyochoka hugonga. Naziomba pia karakana zimrudishie mwenye gari kila mpira, wavu na vali iliyotolewa, ndani ya mfuko wenye alama, hata kama vimevunjika, kwa sababu kipande kilichovunjika bado kinaonyesha urefu, mkunjo na kipenyo cha kile kitakachotafutwa. Mpira wangu wa zamani ninao hadi leo, vipande vyote viwili, na kama gazeti litapenda kuchapa mchoro wa njia zake, nitatoa picha.

Wako,
Mmiliki wa Datsun 240Z