Mninga wetu tusiufiche

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na maseremala wenzangu wa Tabora, na walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA pia, juu ya Hans Wegner, seremala na mbunifu wa viti wa Denmark. Alizaliwa mwaka 1914 katika mji mdogo wa Tønder, baba yake akiwa fundi viatu. Akaingia karakana ya seremala angali kijana mdogo. Shule ya usanifu ilikuja baadaye, mikono ikiwa imeshaizoea randa. Alipofariki mwaka 2007 alikuwa amebuni viti zaidi ya 500.

Kinachonigusa mimi ni kile cha mwaka 1949, ambacho Kennedy alikikalia kwenye mdahalo wa televisheni na Nixon mwaka 1960, wakiwania urais wa Marekani. Egemeo lake linazunguka mgongo mpaka linakuwa pa kuwekea mikono, nalo ni vipande vya mbao vilivyoungwa. Mwanzoni Wegner alilizungushia henzirani, zile fito nyembamba za kusukia, ili maungio yasionekane. Halafu akaiondoa. Akachonga meno yanayoumana, akayaacha wazi, kila mtu ayaone. Fundi anayejua shida ya kuunga mbao iliyopinda ataelewa huo ni ujasiri wa namna gani.

Sisi tuliojaliwa mninga tunafanya kinyume. Kiungo kikilegea tunapiga msumari, tunaziba kwa unga wa mbao na gundi, kisha tunapaka vanishi nyeusi mpaka mistari yote ya mbao inapotea. Makochi tunayapa miguu minene, kuyapitisha mlangoni ni kazi ya wanaume wanne, kwa sababu mteja anaamini uzito ndio uimara. Uimara uko kwenye kiungo! Na mninga haukui upesi. Kila inchi ya bure tunayoweka kwenye mguu wa kochi imetoka misitu ya Urambo na Kaliua, na wajukuu wetu ndio watakaoitafuta.

Vijana wa hapa wana mikono. Nimeona mwanagenzi akichonga ulimi ukakaa kwenye tundu lake bila gundi wala kutikisika. Walimu, wapeni kazi ya kubuni kiti chao wenyewe, chepesi, chenye viungo vya kuonekana, wakichore kwanza kabla ya kugusa msumeno. Na ofisi zinazoagiza samani zidai mchoro kwa fundi, si bei tu.

Nawe Mhariri, ukipata picha ya kiti hicho, ichapishe kubwa, upande wa egemeo. Nitaibandika ukutani karakana.

Fundi seremala,
Ng'ambo, Tabora