Tunakatwa bima ya tumbaku, nakala ya mkataba hatuioni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalotuumiza wakulima wa tumbaku hapa Urambo, na nina hakika wenzetu wa Kaliua, Sikonge na Uyui wanalijua vizuri. Kila msimu tunakatwa bima ya mvua ya mawe kupitia chama cha msingi, humo humo kwenye mkopo wa mbolea. Mawe yakipiga, kampuni ya bima ndiyo inayopima hasara, ndiyo inayopanga asilimia, na ndiyo inayoamua italipa shilingi ngapi. Mkulima anaitwa mwishoni, kuja kutia saini.

Kwangu mawe yalishuka mwezi wa pili, jioni. Kwa asiyeyajua, mvua hii haipigi kata nzima. Inapita kwa ukanda mwembamba. Jirani yangu wa upande wa bondeni hakupoteza hata jani, lakini mimi na anayenifuata kwa juu tuliamka na shamba la vijiti. Nilikuwa nimeshakata maua, na mchumo wa kwanza, yale majani ya chini, ulikuwa tayari bani, yaani kwenye banda la kukaushia. Kilichobaki shambani ni majani ya kati na ya juu, na mkulima yeyote wa tumbaku ya mvuke atakwambia uzito na bei viko huko.

Nilitoa taarifa chamani asubuhi yake. Jibu likaja: usiguse shamba mpaka mtathmini wa kampuni afike. Nikatii. Sasa tumbaku si mahindi, haikusubiri. Yale majani machache yaliyosalimika yalikuwa yanaiva, na jani lililochanika likipata unyevu linaoza. Ningeyachuma, ningeambiwa nimeharibu ushahidi. Nikiyaacha, nayapoteza. Niliyaacha. Wiki zikapita, na mtathmini alipofika mengine yalikuwa yameshaangukia tuta. Hayo yaliyooza wakati wa kusubiri hayakuandikwa popote kama hasara ya mawe.

Kijana mwenyewe alikuwa na adabu, sina neno naye. Alinisalimu, tukaingia shambani na bwana shamba. Alichagua miche hapa na pale, akahesabu jani kwa jani. Mche wangu hubeba majani kama 18. Manne nilikuwa nimeshayachuma, yamebaki 14. Katika hayo, 11 yalikuwa yametobolewa au kuchanwa kiasi kwamba sokoni yasingepata daraja lolote la maana. Akachukua hayo 11 kati ya yale 18 yote, akaandika kwenye fomu yake: hasara asilimia 60. Nikamwambia, mwanangu, hesabu hiyo inalipa jani la chini bei moja na jani la juu, wakati kwenye mizani hayafanani. Akasema fomu ndivyo inavyotaka. Nikakubali, nikatia saini, naye akatia, na bwana shamba akanishauri niipige picha kwa simu kabla haijaondoka. Mungu ambariki, picha ile ndiyo iliyonisaidia baadaye.

Barua ya kampuni ilipokuja ilisema hasara ni asilimia 30. Nusu ilikuwa imeyeyuka njiani. Maelezo yalikuwa mstari mmoja: zao lilikuwa na nafasi ya kuchipua upya. Mhariri, mche wa tumbaku ukishakatwa maua hautoi tena majani ya juu. Unachotoa ni machipukizi ya ubavuni, ambayo sisi wenyewe tunahangaika kuyaondoa ili yasinyonye mche. Aliyeandika mstari ule hakusimama kwenye shamba langu. Aliyesimama aliandika 60.

Nifafanue kwa shilingi, maana asilimia huficha mambo. Hekta yangu moja ilikatiwa bima ya shilingi 3,600,000. Kwanza ijulikane kwamba kiasi hicho kinalinda gharama za pembejeo tu. Thamani ya tumbaku ambayo ningeipeleka sokoni haimo. Kisha sehemu ya kwanza ya hasara, asilimia 10 ya kiasi hicho, yaani 360,000, naibeba mwenyewe. Kwa kipimo cha shambani ningelipwa 1,800,000. Kwa kipimo cha ofisini ni 720,000. Hiyo 720,000 haimalizi hata deni la mbolea, na deni lisilolipwa kwenye vyama vyetu haliishii kwangu, kwa sababu tumedhaminiana. Kampuni ikinipunja mimi, anayekatwa sokoni ni mwenzangu ambaye mawe hayakumgusa.

Kulikuwa na karatasi nyingine pamoja na ile barua. Inasema nimepokea malipo kamili na ya mwisho na sitadai tena chochote kutokana na tukio hili. Bila saini hapo, hata hizo 720,000 hutoki nazo. Karatasi hii inamfikia mkulima wakati wa masoko, wadai wakiwa mlangoni, na mtoto anatakiwa kuripoti kidato cha tano akiwa na godoro na sare. Wengi kijijini kwetu walisaini. Siwalaumu hata kidogo, mtu mwenye njaa hajadiliani. Ninachosema ni kwamba kampuni inajua hivyo, na ndiyo maana karatasi inakuja wakati huo.

Mimi sikusaini. Nilidai nionyeshwe mkataba, nisome kipengele kinachoruhusu kupunguza asilimia iliyopimwa shambani. Hapo ndipo nilipojua tulivyo. Kampuni ikaniambia mteja wao ni chama, si mimi. Chama kikasema mkataba ulipitia benki iliyotukopesha. Benki ikanirudisha chamani. Fedha ya bima imekatwa kwenye jina langu, imeandikwa kwenye kitabu changu cha mkulima, lakini mkataba wenyewe hauna mtu wa kunionyesha. Nilipouona mwisho wa safari, kwa hisani ya karani mmoja, ulikuwa kurasa nyingi za Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Inakuwaje mkataba wa mkulima wa Urambo, unaohusu shamba la Urambo, ubaki katika lugha ambayo hata viongozi wa chama waliousaini hawaisomi vizuri?

Na nilichokisoma kwa msaada wa mwalimu wa sekondari ni kwamba kupunguza kwa ajili ya zao kuchipua kunaruhusiwa kama mawe yamepiga mapema, mche ukiwa bado mchanga. Si baada ya kukata maua. Kwa hiyo haki yangu imo katika mkataba wao wenyewe.

Nimeiandikia kampuni malalamiko, nimeambatisha picha ya fomu, picha za shamba zenye tarehe, na barua ya bwana shamba kuthibitisha kwamba maua yalikuwa yamekatwa. Majibu yao yalikuwa yaleyale kwa maneno mengine. Kwa sababu hiyo nimepeleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na nakala nimeipeleka kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Sikuhitaji wakili na sikudaiwa hata shilingi. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu chamani kwetu hakuna mtu aliyekuwa amesikia kwamba ofisi hiyo ipo. Wakulima wanadhani kampuni ikishasema, imekwisha.

Sisemi bima ifutwe. Nimelima tumbaku tangu nikiwa binti, kwenye shamba la baba, na nakumbuka misimu ambayo mawe yakipiga ulikuwa unauza ng'ombe au unahama. Wapo waliolipwa vizuri na kampuni nyingine, nimewaona. Bima ni kitu chema sana kwetu kama hesabu inafanyika mbele ya macho ya mwenye shamba.

Ninachoomba kinawezekana msimu huu huu. Siku mkulima anapokatwa bima, apewe muhtasari wa mkataba kwa Kiswahili, hata ukurasa mmoja: kiasi kilichokatiwa bima, sehemu anayobeba mwenyewe, mawe yakipiga atoe taarifa ndani ya muda gani, na afanye nini na majani yaliyosalia. Fomu ya tathmini iachwe nakala shambani, yenye saini zote. Mtu wa ofisini akitaka kubadili namba iliyosainiwa shambani, arudi shambani, au aandike sababu inayoeleweka na aweke jina lake. Na ile sehemu ya fidia ambayo kampuni yenyewe inakubali kwamba tunastahili, ilipwe bila kutulazimisha kuuza haki ya kudai iliyobaki. Kama wanakubali 720,000, wailipe, halafu tubishane juu ya ile 1,080,000 inayosalia.

TIRA nao nawaomba waje kwenye vituo vya masoko. Siku ya soko wakulima wote wapo pale kuanzia asubuhi, wamekaa juu ya mitumba yao ya tumbaku wakisubiri wanunuzi. Hakuna mkutano wa hadhara utakaowakusanya vizuri kuliko hapo. Saa moja ya maelezo, na kuacha namba za simu za kulalamikia ukutani mwa ghala, ingetosha kuanzia.

Kwa viongozi wa vyama vya msingi nina neno pia, kwa heshima zote. Nyinyi ndio mnaochagua kampuni, na mnasaini kwa niaba yetu. Kabla ya kusaini mkataba wa msimu ujao, uleteni kwenye mkutano mkuu usomwe kwa Kiswahili, na kampuni itueleze ililipa madai mangapi msimu huu, ilikataa mangapi na kwa sababu gani. Vitalu tunaanza kuvimwagilia mwezi wa nane. Hoja hiyo nimeshaiandikisha kwa katibu wa chama chetu, na wanachama waliosaini ile karatasi wamesema wataiunga mkono.

Mkulima wa tumbaku (jina kapuni),
Urambo, Tabora.