Risala ya Walimu wa Taaluma wa Shule za Msingi za Kata kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Tuzo za Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya;
Ndugu Afisa Elimu Msingi;
Ndugu Mthibiti Mkuu Ubora wa Shule;
Waheshimiwa Madiwani;
Wenyeviti wa kamati za shule, walimu wakuu na walimu wenzetu;
Wazazi, walezi na wanafunzi wetu wapendwa.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kuwa nasi leo. Baada ya risala hii utakabidhi vikombe kwa shule zilizoongoza kwa ufaulu wa darasa la saba. Shule hizo tunazipongeza kwa dhati. Pamoja na hayo, tuna hoja moja ambayo tunaomba uibebe: ufaulu unaonyesha mtoto amefika wapi, lakini hauonyeshi shule imemtoa wapi. Tunaomba tuzo za miaka ijayo zitazame yote mawili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hoja hii imefanyiwa utafiti kwa karibu miaka 60. Mwaka 1966 huko Marekani, James Coleman na wenzake walitoa taarifa ya wanafunzi wapatao 600,000. Walikuta kwamba tofauti za alama zinatokana zaidi na hali ya nyumbani kuliko majengo na vifaa vya shule. Wapo waliosoma taarifa ile wakasema basi shule haina uzito. Tatizo ni kwamba wanafunzi wale walipimwa mara moja tu. Ukimpima mtoto mara moja unapata jumla ya yote aliyojifunza tangu azaliwe, na katika jumla hiyo fungu la nyumbani lazima liwe kubwa.

Picha ilibadilika watafiti walipoanza kujua kwanza mtoto ameanzia wapi. Mwaka 1979 Michael Rutter na wenzake walichapisha matokeo ya shule 12 za sekondari za London. Mwaka 1988 Peter Mortimore na wenzake wakatoa ya shule 50 za msingi za jiji hilohilo, baada ya kuwafuatilia watoto karibu 2,000 kwa miaka minne. Wote walikuta shule zinazopokea watoto wa hali inayofanana zikitofautiana waziwazi katika kuwaendeleza. Mortimore aliona tofauti hiyo ikienda pamoja na mambo ambayo mwalimu mkuu yeyote anayafahamu: vipindi vyenye mpangilio, kumbukumbu za maendeleo ya kila mtoto, walimu wanaoshirikishwa katika maamuzi, na wazazi wanaokaribishwa shuleni. Nao Stephen Heyneman na William Loxley, katika utafiti wa nchi 29 uliotoka mwaka 1983, walionyesha kwamba katika nchi maskini ubora wa shule na mwalimu una uzito mkubwa zaidi kuliko katika nchi tajiri. Kwetu sisi hilo ndilo la kushika: mtoto ambaye nyumbani hakuna kitabu anaitegemea shule kwa karibu kila anachokisoma.

Hapa Tanzania tunao mfano mzuri wa KiuFunza, utafiti ulioanza mwaka 2013 katika shule za msingi 350 za serikali. Baadhi ya shule zilipata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine walimu wake waliahidiwa motisha kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la stadi za msingi. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na kundi la nne halikupata chochote. Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikuongeza alama za watoto. Vyote viwili kwa pamoja viliongeza, tena kuliko jumla ya kila kimoja kikiwa peke yake. Tuliweza kulijua hilo kwa sababu kulikuwa na vipimo vilivyorudiwa na kundi la kulinganisha. Jedwali la ufaulu la mwaka mmoja lisingetuambia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tazama jinsi ufaulu unavyohesabiwa. Mtihani wa darasa la saba una masomo sita yenye alama 50 kila moja, jumla 300, na anayepata 121 amefaulu. Mtoto aliyetoka hali ya kutojua kusoma akafikia alama 118 haiongezei shule yake kitu katika asilimia ya ufaulu. Aliyesogezwa kutoka 119 hadi 122 anahesabiwa mzima. Kwa hiyo kambi za kitaaluma zinajikuta zikiwalenga walio karibu na mstari. Walio chini sana wanaachwa, na walio juu hawasukumwi. Walimu hawafanyi hivyo kwa nia mbaya. Kipimo ndicho kinachowaelekeza huko.

Vilevile, asilimia hupanda mtoto dhaifu akikariri darasa, akihamishwa, au akiwa mtoro asifike siku ya mtihani. Shule inayomfuata mtoro mpaka nyumbani na kumrudisha darasani inashuka nafasi. Hili linatuuma sana.

Tunachopendekeza kinaweza kufanyika ndani ya kata, kwa daftari au kompyuta moja. Kila mtoto wa darasa la tatu hadi la sita afanye jaribio la Kiswahili na la Hisabati mara mbili kwa mwaka, wiki ya pili ya Januari na wiki za mwanzo za Novemba, kila jaribio alama 50. Kusoma kupimwe ana kwa ana: mtoto anapewa kifungu, saa inahesabu sekunde 60, yanahesabiwa maneno aliyosoma sawasawa, kisha anaulizwa maswali matano ya ufahamu. Akimaliza kabla ya muda, maneno sahihi yanazidishwa kwa 60 na kugawanywa kwa sekunde alizotumia. Majaribio ya Januari na Novemba yawe na maswali kadhaa yaleyale, ambayo hayakuachwa darasani, ili ijulikane kama mtihani wa pili ulikuwa rahisi au mgumu zaidi. Robo ya darasa ikipata zote, jaribio ni jepesi na haliwezi kuonyesha hatua ya walio juu. Wengi wakipata sifuri, haliwezi kuonyesha hatua ya walio chini.

Rejesta iwe na namba ya PReM ya mtoto, yaani namba yake ya utambulisho katika mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, jinsi, umri, siku alizohudhuria, alama ya Januari na alama ya Novemba. Namba ya PReM ndiyo ya kuunganishia, kwa maana majina hubadilika tahajia kila yanapoandikwa upya.

Hapo ndipo wengi hukosea kwa kutoa tu alama ya mwanzo katika alama ya mwisho. Mtoto aliyepata 3 akiwa na homa ya malaria atapanda hata asipofundishwa, na aliyeanza na 47 hana pa kupandia. Njia salama ni kumlinganisha na wenzake wa kata nzima walioanzia naye. Tuseme watoto wote walioanza na alama 11 hadi 15 wamefikia wastani wa 24. Aliyeanza na 13 akafika 29 amezidi matarajio kwa 5. Walioanza na 36 hadi 40 wakiwa na wastani wa 42, aliyeanza na 38 akaishia 40 amepungukiwa na 2, ingawa alama yake ni kubwa kuliko ya yule wa kwanza. Wastani wa tofauti hizo ndio mchango wa shule.

Mchango huo usisomwe bila kutazama idadi ya watoto. Chukua mtawanyiko sanifu wa tofauti zile, yaani kipimo cha jinsi zinavyotapakaa kutoka kwenye wastani wake, gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watoto, kisha zidisha kwa 2. Mtawanyiko ukiwa 6, darasa la watoto 36 lina shaka ya alama 2 kila upande, la watoto 9 lina shaka ya alama 4, na la watoto 144 lina shaka ya alama 1. Kwa hiyo shule ya watoto 36 yenye mchango wa 1.5 huwezi kusema imezidi matarajio, wala huwezi kuiweka juu ya jirani yake mwenye 0.8. Uingereza, mtaalamu wa takwimu Harvey Goldstein alilieleza hili kwa miaka mingi, na kipimo cha maendeleo cha sekondari kilichoanza kutumika huko mwaka 2016 kilitolewa pamoja na ukomo wake wa shaka. Sisi tunashauri makundi matatu tu, juu ya matarajio, ndani ya matarajio na chini, na shule ndogo zijumlishiwe matokeo ya miaka mitatu.

Kuna njia za kuharibu kipimo hiki pia, na ni vizuri tuzitaje mapema. Shule inaweza kuushusha mwanzo kwa kuwapa watoto jaribio la Januari bila maandalizi wala maelekezo. Dawa yake ni walimu wa shule jirani kusimamia na kusahihisha, kama tunavyofanya katika mitihani ya ujirani mwema, na jaribio la Novemba la mwaka huu kuwa mwanzo wa mwaka unaofuata kwa darasa linalopanda. Shule inaweza pia kuficha walio dhaifu siku ya pili. Kwa hiyo shule ambayo chini ya asilimia 90 ya waliofanya la kwanza wamefanya la pili isitolewe matokeo, bali iulizwe watoto wako wapi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Tunaomba wilaya yetu ipige hatua inayofuata.

Kwanza, alama ghafi za upimaji wa darasa la nne zipatikane kwa shule kwa namba ya PReM, maana aliyepata 21 na aliyepata 30 wote wanasomeka C. Pili, halmashauri itusaidie karatasi: darasa la watoto 60, karatasi mbili kwa kila mtoto, masomo mawili, mara mbili kwa mwaka, ni karatasi 480, yaani rimu moja kwa darasa. Tatu, kuanzia mwakani liwepo kombe la shule zilizo juu ya matarajio, lenye hadhi sawa na la ufaulu. Nne, na hili tunaliomba kwa msisitizo, matokeo ya shule iliyo chini ya matarajio yampeleke huko mthibiti ubora na mwalimu wa kusaidia, yasiwe barua ya kumhamisha mwalimu mkuu. Siku matokeo yatakapotumika kuadhibu, alama za Januari zitaanza kushuka katika kila shule, nasi tutabaki na jedwali lisiloaminika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.