Mwalimu ameandikiana na nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo sisi walimu wa shule za umma wa Dar es Salaam tunalinong'ona kila mshahara unapotoka lakini ni mara chache tunaliandika, nalo ni namna masharti yetu ya kazi yanavyopangwa, nani anayeyapanga, na karatasi ya makubaliano yenyewe iko wapi.

Mwaka 2016, wengi watakumbuka, uongozi wa mkoa ulielewana na wamiliki wa daladala kwamba walimu wa shule za umma wa jiji hili wapande bure kwa kuonyesha kitambulisho. Nilifurahi kama wenzangu. Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri, kisha asubuhi moja, ndani ya gari la Gongo la Mboto kwenda Kariakoo, nilimpa konda kitambulisho changu, akakitazama, akakigeuza upande wa pili, akanirudishia na kuniuliza bila ukali wowote: "Ticha, hiyo bure mmeandikiana na nani? Maana jioni tajiri anataka hesabu yake." Nililipa nauli. Sikumlaumu kijana yule, kwa sababu alichouliza kilikuwa sahihi kabisa na mimi sikuwa na jibu.

Swali lake nimekaa nalo miaka yote hii, na kila nikiligeuza naliona linafaa kuulizwa juu ya karibu kila kitu tunachokiita haki zetu: nauli ya likizo, gharama za uhamisho, nyongeza ya mwaka, kupanda daraja, hata mafao ya uzeeni. Vyote hivyo tunavipata, tunapovipata, kwa njia ya tangazo. Ni vichache sana ambavyo mwalimu wa darasani anaweza kuonyesha ukurasa uliosainiwa na pande mbili, wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha.

Sehemu ya tatizo ni kwamba mwajiri wetu yuko vipande vipande. Mfanyakazi wa kiwanda cha Barabara ya Nyerere anamfahamu anayemwajiri. Chama chake hukaa naye mezani, wakielewana husaini mkataba wa hali bora, na siku ugomvi ukizuka karatasi hiyo ndiyo inayofunguliwa. Mwalimu, kwa upande wake, huthibitishwa kazini, hupandishwa cheo na huadhibiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015. Shule anayofundisha iko chini ya halmashauri, ambayo nayo iko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Kibali cha kumpandisha daraja hutoka Utumishi. Fedha hutoka Hazina. Na anachofundisha huamuliwa na Wizara ya Elimu. Kila ofisi kati ya hizo ina kauli juu ya kazi yake, na kila moja, ukiifuata na dai lako, inaweza kukuelekeza kwa nyingine bila kusema uongo.

Hili nimeliishi. Kabla ya kuja Dar es Salaam nilihamishwa kutoka halmashauri moja ya mkoani kwenda nyingine kwa barua iliyosema "kwa maslahi ya umma", maneno ambayo kila mtumishi anajua kuwa yanambebesha mwajiri nauli, mizigo na posho ya kujikimu. Halmashauri niliyotoka iliniambia nitalipwa niendako kwa kuwa faili langu limekwenda huko. Niliyofikia iliniambia deni ni la aliyenihamisha. Fomu ya madai yasiyo ya mishahara nimeijaza mara tatu, kila mara kwa uhakiki mpya, na mara ya tatu mhakiki alinirudishia tiketi zangu za basi akisema hazisomeki, na kweli hazikusomeka, maana wino ulikuwa umekwisha kufutika zikabaki karatasi nyeupe. Nilimweleza kwa heshima kwamba nilipozileta mara ya kwanza zilikuwa zinasomeka vizuri sana. Alicheka, nami nikacheka, na deni lipo hadi leo.

Si kwamba nchi haina sheria. Mabaraza ya wafanyakazi mahali pa kazi yaliagizwa na Rais tangu mwaka 1970. Bunge lilitunga sheria ya majadiliano ya pamoja katika utumishi wa umma mwaka 2003, inayotambua kwamba walimu wanastahili kuwa na baraza la majadiliano kati yao na Serikali, na mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, inayoutaka upande wa mwajiri na upande wa chama kujadiliana kwa nia njema na inayosema kwamba mkataba wa pamoja ukishasainiwa unafunga pande zote. Huko nje nako, tarehe 5 Oktoba 1966, lilipitishwa Paris pendekezo la kimataifa kuhusu hadhi ya walimu, ambalo linasema wazi kuwa mishahara na mazingira ya kazi ya walimu yaamuliwe kwa majadiliano kati ya vyama vyao na waajiri wao. Ndiyo sababu Siku ya Walimu Duniani huangukia 5 Oktoba, siku ambayo kwetu huishia kwenye fulana, hotuba na chakula cha mchana.

Badala ya majadiliano tumezoea kungoja Mei Mosi. Mwaka 2022 tulikwenda uwanjani tukaambiwa jambo letu lipo, na baada ya muda mfupi ikatangazwa nyongeza ya asilimia 23.3. Julai ilipofika, walimu wengi walifungua hati zao za mshahara wakakuta ongezeko dogo kuliko walivyopiga hesabu, kwa sababu asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini na si ya kila mtu. Ningependa nieleweke: nyongeza ile ilikuwa halali na ilipokelewa kwa shukrani, kama ilivyopokelewa ya mwaka 2025 iliyopandisha kima cha chini cha utumishi wa umma kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Ninachosema ni kwamba sintofahamu ya Julai 2022 isingetokea kama jedwali la ngazi zote za mshahara lingepita kwanza mezani, likasainiwa, na kila mwalimu akalisoma kabla ya kusikia vigelegele.

Tangazo lina tabia nyingine, nayo ni kwamba aliyelitoa anaweza kuliondoa. Kuanzia mwaka 2016 upandaji wa madaraja na nyongeza za mwaka vilisimama wakati wa uhakiki wa watumishi hewa na vyeti, na nyongeza ya mwaka ilirejea kwa kauli ya Rais Samia Suluhu Hassan kwenye Mei Mosi ya 2023, Morogoro. Uhakiki ulikuwa na sababu zake, wala sitetei cheti cha kughushi. Lakini mwalimu mwenye cheti halali alipoteza miaka ambayo hata mserereko wa madaraja uliofuata, yaani kupandishwa kwa kufidia madaraja yaliyokwama, haukuirudisha yote, na hakuna popote palipoandikwa kwamba masharti yake yanaweza kusimamishwa hivyo, kwa muda gani, na atafidiwaje. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, nacho ni vilevile: asilimia 25 ya mafao kulipwa kwa mkupuo mwaka 2018, ambayo ilisitishwa Desemba ya mwaka huohuo, kisha 33 mwaka 2022, kisha 40 mwaka 2024, kwa watu walioingia kazini wakijua ni 50.

Nimewahi kuwa upande wa waliogoma, na sijisifu kwa hilo. Mgomo wa walimu ulianza tarehe 30 Julai 2012, tukidai mshahara uongezwe kwa asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa masomo mengine, na posho ya mazingira magumu ya asilimia 30. Tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliamuru usitishwe, tukarudi madarasani. Nikiyatazama madai yale leo nayaona makubwa mno kwa bajeti ya nchi, lakini naona pia kwamba mtu asiyealikwa mezani mwaka hadi mwaka hujikuta siku moja anadai vyote kwa mpigo.

Wenzetu wa Kenya wametutangulia katika hili. Tume yao ya walimu ilisaini na vyama vya KNUT na KUPPET mkataba wa mwaka 2017 hadi 2021, na Julai 2025 ukasainiwa mwingine wa hadi 2029 wenye thamani ya shilingi za Kenya bilioni 33.8. Ule wa katikati ulisainiwa bila nyongeza ya fedha na walimu wakaulalamikia sana, ila walijua wanacholalamikia kiko ukurasa gani. Mbali zaidi, nchini Marekani, wilaya ya shule ndiyo mwajiri. Ina bodi yake, na katika majimbo mengi inajadiliana moja kwa moja na chama cha walimu, na mapatano hayawi mkataba mpaka walimu wenyewe wayapigie kura na bodi iyaidhinishe. Januari 2019 walimu zaidi ya 30,000 wa Los Angeles waligoma siku 6 za masomo, na katika makubaliano yaliyomaliza mgomo, pamoja na nyongeza ya asilimia 6, kulikuwa na kupunguza hatua kwa hatua idadi ya wanafunzi darasani na kuweka muuguzi katika kila shule. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyonigusa, kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba ukubwa wa darasa ni kitu cha kuandikiana.

Niruhusu nieleze kwa nini ni kitu cha kuandikiana. Kiwango cha Serikali ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 watoto wamekuja kwa wingi, na ni heri kubwa kwamba wamekuja, lakini Darasa la Tano ninalofundisha hisabati lina watoto 128 katika mkondo mmoja. Daftari moja likinichukua dakika 2, na dakika 2 ni kuweka alama ya vema na ya kosa bila kumwandikia mtoto neno lolote, zoezi moja la siku moja linanidai saa 4 na dakika 16 baada ya vipindi kwisha. Nayafunga madaftari kwa kamba ya katani mafungu manne, mawili nayabeba kwenda nayo nyumbani, mawili nayaacha chini ya meza ambayo tunaitumia walimu watano. Siku za mvua nayaacha yote, maana daladala ikijaa hakuna pa kuyaweka isipokuwa mapajani mwa abiria mwingine. Saa hizo hazimo katika hati yoyote. Hazilipwi, hazipunguzwi, wala hazitajwi ninapojaza tathmini ya utendaji kwenye mfumo.

Najua litakalojibiwa: halmashauri haina uwezo juu ya mshahara. Ni kweli, na binafsi nisingependa iwe nao, kwa sababu mshahara ukiachiwa kila halmashauri, walimu wote watakimbilia Kinondoni na Ilala na wa Kaliua atabaki na watoto wake na ahadi. Mshahara, madaraja na mafao vibaki katika majadiliano ya kitaifa. Lakini halmashauri tano za mkoa huu zinakusanya mapato ya ndani ambayo halmashauri nyingi za mikoani zinayaota tu, na sheria tayari inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato hayo kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Iwapo fungu hilo linawezekana kwa maandishi, haishindikani kuandikiana na walimu juu ya mambo yaliyo mikononi mwa mkurugenzi: nauli ya likizo ilipwe kabla ya likizo kuanza, dai likishahakikiwa mara moja lisihakikiwe tena, mkondo ukizidi idadi fulani, mwalimu apunguziwe vipindi au apewe msaidizi, mwalimu anayeishi mbali asipangiwe kituo cha upande wa pili wa mkoa wakati mwenzake anatafuta wa kubadilishana naye, anayeshika vipindi vya ziada vya Darasa la Saba ajue analipwa nini na nani, badala ya kutegemea huruma ya kamati na michango ya wazazi.

Kuhusu vyama vyetu nitasema kidogo, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mwakilishi wa chama shuleni kwetu. Mwanachama hukatwa ada kwenye mshahara kila mwezi, na hata asiye mwanachama anaweza kukatwa ada ya uwakala kwa sababu chama kinamjadilia. Anayekatwa ana haki ya kuuliza kilijadiliwa nini. Nikiulizwa na wenzangu nakala ya makubaliano ya karibuni, huwa nawaonyesha picha za kikao.

Bajeti za halmashauri hukamilishwa kabla ya Julai, na mabaraza ya wafanyakazi hukutana kuzipitia. Nawaomba wakurugenzi wa halmashauri zetu tano na viongozi wa vyama vya walimu wa ngazi hiyo waweke ajenda moja katika kikao kijacho, iitwe mkataba wa hali bora za kazi kwa walimu, hata kama utaanza na kurasa tatu na utahusu nauli ya likizo peke yake. Ukisainiwa, ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya walimu, pale tunapobandika ratiba ya zamu.

Jina langu, Ndugu Mhariri, naomba lisichapwe; nimeliacha ofisini kwako.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Dar es Salaam