Kwato za beberu wako kabla ya Idd

Mishomoroni, Mombasa

Shoga yangu Mama Salma,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo inayotutesa. Uwanja wote tope na nguo hazikauki. Nimesikia yule beberu mliyemweka kwa Idd anachechemea, na jirani keshasema ni kijicho. Kijicho cha nani tena, shoga? Kabla hujamtafutia mwalimu wa kumsomea, mwinue mguu utazame ukwato. Idd yenyewe inatukuta masika haya haya, na wajua anayechechemea waziwazi ni mmoja wa wale wanne wasiofaa kwa udhiya, pamoja na chongo, mgonjwa na aliyekonda kabisa.

Mbuzi wa mtaani wanaozurura juu ya mawe na lami hawana haja ya mkasi, ardhi yenyewe inawasugua. Wenu huko Likoni wamefungwa bandani, chini mmewamwagia maranda, kazi yao kula na kulala. Ukwato unaota kila siku, na usiposagika hujikunja chini ya wayo kama kifuniko, tope na kinyesi vikakwama humo. Ndiyo maana nimempa kijana huyu mkasi wangu akuletee.

Mfunge beberu fupi kwenye nguzo, ubavu uegemee ukuta, Baba Salma amshike kichwa. Mguu ukunje kwa nyuma, usiuvute pembeni, atakupiga teke. Wale kondoo wawili ni rahisi: mkalishe kitako, mgongo wake uegemee miguu yako, atatulia mwenyewe. Mbuzi ukimjaribia hivyo, kelele zake zitasikika mpaka kivukoni. Kwangua tope kwanza kwa ncha ya kisu, halafu kata zile kingo zilizojikunja mpaka zilingane na wayo. Ncha ya mbele ipunguze kwa vipande vyembamba vyembamba. Utaona weupe, ukianza kugeuka waridi, acha hapo hapo, damu iko karibu. Kisha mtazame kwa ubavuni: mstari ambapo manyoya yanakutana na ukwato uende sambamba na chini ya ukwato. Msimu huu kwato zimelainika, mkasi unapita bila tabu. Ngoja kaskazi uone utakavyotoka jasho. Mwenye mimba kubwa mwache mpaka azae, asije akaumia mkivutana.

Ila ukinusa harufu ya kuoza, na ukaona katikati ya vidole pamechubuka au ukwato unaachana na nyama, weka mkasi chini. Hapo ndipo wengi wanapokata mpaka damu, eti watoe uchafu wote. Nami nakwambia usikate: mnyama mwenye ugonjwa wa kuoza kwato akikatwa hukawia kupona. Mtenge na wenzake, umwite daktari wa mifugo amchome sindano ya antibiotiki, naye akutajie siku za kungoja, maana nyama hailiwi kabla hazijaisha na Idd haitawangoja.

Hao wengine usiwasahau. Bakteria wa ugonjwa huu hupita mguu kwa mguu kwenye tope, basi maranda yaliyolowa yatoe yote. Duka la dawa za mifugo waulize zinki salfeti. Kilo 1 kwa maji lita 10, wasimame ndani ya karai pana dakika kadhaa, kisha wakae kwenye sakafu kavu mpaka miguu ikauke. Utaambiwa mrututu ni rahisi na unafanya kazi. Kweli, lakini ndani yake mna shaba, na shaba kondoo haimwelekei hata kidogo. Akiyanywa yale maji ya buluu anaweza kukufia. Mimi mrututu siuweki kwangu. Na mgeni yeyote utakayemnunua sokoni sasa, akae peke yake wiki chache kwanza, hata akiwa mzuri wa kupigwa picha.

Mkasi nimeuosha na kuuchovya kwenye dawa. Nawe uuoshe kila ukimaliza mnyama mmoja kabla hujamshika mwingine. Mpe kijana huyu huyu aurudishe kabla ya Ijumaa, nimeshamwahidi mtu wa Kisauni. Na ile sinia yangu uliyoichukua tangu harusi, shoga, nayo ije.

Nisalimie Salma na baba yake.

Mwenzako,
Mama Omari