Si kila mota inayonguruma imeungua

Ndugu Mhariri,

Fundi mmoja aliniambia, bila hata kufungua skrubu, kwamba mota ya mashine yangu ya kufulia imeungua kwa kuwa ilinguruma pasipo kuzunguka. Nilichomoa plagi, nikazungusha puli kwa mkono, nikaona inazunguka kwa wepesi na mkanda hauna kasoro, jambo lililonielekeza kwenye kapasita, kile kifaa kidogo kinachoipa mota msukumo wa kuanzia. Ilikuwa imevimba. Nilifunga nyingine yenye maikrofaradi (kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi umeme) zilezile na volti zisizopungua, na mashine inafua hadi leo. Wasomaji wajihadhari tu, kwani kapasita hubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa, hivyo sharti iondolewe chaji kabla ya kuguswa. Mafundi nao, tafadhali, wapime kwanza ndipo wataje bei.

Msomaji wako,
Morogoro