Niliomba kazi ndogo tu: malalamiko kuhusu bangili zangu tatu

Mkomani,
Lamu.
17 Februari 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Karakana ya Kutengeneza na Kusafisha Mapambo,
Mombasa.

Kwa Bwana Meneja,

MINT: KUHARIBIWA KWA BANGILI TATU ZA KALE NILIZOWALETEA KUTENGENEZWA

Baada ya salamu, nakuandikia kwa uchungu, na nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho wewe mwenyewe. Kila niliyezungumza naye kwa simu ofisini kwenu amenijibu kabla hajanisikiliza.

Tarehe 9 Januari niliwaletea bangili tatu. Kazi niliyoomba ilikuwa ndogo. Ya kwanza kifungio chake kilikuwa kimelegea, ya pili waya mmoja ulikuwa umekatika, na ya tatu kijiwe kimoja kilikuwa kinacheza mahali pake. Niliandika maagizo kwenye karatasi nikaitia ndani ya sanduku, kisha nikayarudia kwa WhatsApp: msisafishe, msing'arishe, msichovye dhahabu. Mfanyakazi wenu akanijibu, “Sawa mama.” Picha ya jibu hilo nimeiambatanisha. Bei tuliyokubaliana ni shilingi 4,500.

Wiki iliyopita mkaniambia mzigo uko tayari na deni ni shilingi 18,500. Nililipa, nikidhani nauli imepanda au waya umekuwa ghali, kwa sababu nilitaka vitu vyangu virudi nyumbani kabla ya Ramadhani. Alhamisi mpwa wangu wa kiume alikwenda Mokowe kupokea kifurushi kwenye basi, akavuka nacho kwa mashua, akakiweka mapajani mwangu barazani. Ndani mlikuwa na bangili tatu zinazomeremeta kama sufuria mpya. Mpwa wangu aliziangalia, akaniuliza, “Mama mdogo, wamekosea mzigo?”

Siku hiyo hiyo nilipiga simu. Kijana aliyepokea aliongea nami kwa adabu, na sina kinyongo naye. Aliniambia, “Mama, hizi si dhahabu, ni mapambo ya bandia tu. Tumekutilia dhahabu juu, sasa zina thamani zaidi.” Naamini alisema lililo moyoni mwake, na hapo ndipo kosa lenyewe lilipo, kwa hiyo niruhusu nieleze.

Hapa kwetu tumezoea kazi ya sonara. Mwanamke akiwa na kekee, ile bangili pana ya fedha, iliyopinda, au bangili ya timbi ya mamake iliyochakaa, humpelekea sonara. Sonara huipima, akitaka huiyeyusha, akamfulia nyingine, na mwenyewe huondoka hajapungukiwa, maana mali iko ndani ya fedha na fedha haiishi kwa kupita motoni. Bangili ninazozikusanya mimi haziko hivyo. Madini yake ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya bei ndogo. Ukiziweka kwenye mizani ya sonara hazikupatii hata nauli ya boti ya Shela. Kinachozipa thamani ni wazo la aliyezibuni, mhuri wa nyumba iliyozitoa, na ile ngozi ya juu iliyotiwa kiwandani na kukomaa kwa miaka zaidi ya sitini. Chukueni mfano wa mlango. Mtu ana mlango wa nakshi wa babu zake, bawaba imelegea. Anamwita fundi wa bawaba. Fundi anapiga randa mlango mzima mpaka maua yanalala, anaupaka vanishi, kisha anadai malipo ya randa na vanishi. Mji huu wote ungesimama mlangoni kwa mwenye nyumba huyo kumpa pole.

Nianze na ile ya kifungio kilicholegea, bangili ya Trifari. Nyumba hiyo ya mapambo ilianzishwa New York na Gustavo Trifari, mhamiaji kutoka Italia, na kuanzia 1930 hadi 1968 mbunifu wake mkuu alikuwa Alfred Philippe, aliyekuwa amefanya kazi ya vito vya kweli kabla ya kuja kwenye mapambo haya ya kioo na aloi. Mamie Eisenhower, mke wa Rais wa Marekani, alivaa lulu za Trifari kwenye dansi ya kuapishwa kwa mumewe mwaka 1953. Kwa hiyo neno “bandia” kijana wenu alilitumia vibaya. Kioo hapa hakijifanyi almasi, na aliyevaa alijua amevaa nini.

Yangu niliinunua Malindi, kwa bibi mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa akiuza vyombo vya nyumbani kabla ya kurudi kwao. Nyuma ya kifungio palichapwa jina Trifari, taji dogo juu ya herufi T, na kando yake alama ya hakimiliki, ile herufi c ndani ya duara. Alama hiyo ndiyo iliyonipa umri wake. Mwaka 1955 mahakama huko New York, katika kesi ambayo Trifari waliwashtaki watu waliowaiga, iliamua kwamba mapambo ya namna hii yanaweza kulindwa kama kazi ya sanaa, na baada ya hapo ndipo alama ile ikaenea nyuma ya vipuli na bangili. Mtu akinishika na kuniuliza bangili hii ni ya lini, nilimgeuzia kifungio nikamwonyesha: si kabla ya 1955. Sasa nitamwonyesha nini? Mmeking'oa kifungio kizima na kuweka kipya kisicho na hata herufi moja. Kilichohitajika ilikuwa kukaza ulimi wake kwa koleo.

Tena uso wake. Ulikuwa na michirizi membamba sana, yote imelala upande mmoja, ikafanya mwanga utulie juu yake kama juu ya hariri. Fundi wenu alidhani ni mikwaruzo ya kuchakaa, akaipeleka kwenye gurudumu la kung'arishia. Michirizi ile ilitiwa kwa makusudi kiwandani, na haitarudi.

Ile yenye kijiwe kilichokuwa kikicheza ni ya nyumba ya Weiss, nayo ya New York. Vijiwe vyake ni vya kioo chenye rangi za upinde wa mvua, aina ambayo watengeneza vioo Swarovski waliitoa katikati ya miaka ya 1950 wakishirikiana na mbunifu wa mavazi Christian Dior. Nyuma ya kila kijiwe pana foili nyembamba inayorudisha mwanga. Maji yakiingia chini, foili hubanduka na kijiwe hufa, kikawa kijivu kama jicho la samaki wa juzi. Jambo hili anayeanza kukusanya huambiwa siku ya kwanza: usitumbukize, pangusa kwa kijiti cha pamba kilicholowa kidogo tu, kisha laza bangili kifudifudi mpaka ikauke. Sisi wa kisiwani tunaogopa hata hewa. Msimu wa mvua, kuta zinapotoka jasho, mimi huhifadhi bangili zangu kwenye mikebe iliyofungwa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, na kila mwezi nazikagua moja moja kama zimeshika kutu ya kijani. Nyinyi mliiweka kwenye mashine ya kusafishia kwa mitetemo, imezama majini. Nimehesabu vijiwe 14 vilivyokufa na vingine 9 mlivyobadilisha kwa vipya vyenye rangi kali isiyofanana na wenzake. Kile kimoja nilichoomba kishikizwe bado kinacheza.

Ile ya waya uliokatika, ya Miriam Haskell, nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayoniuma zaidi.

Niliipata mwaka 2006 sokoni Kongowea, Mombasa, ndani ya mfuko wa kando wa mkoba wa mtumba. Muuzaji aliniuzia mkoba pamoja na kilichomo kwa shilingi 150. Wakati ule sikujua Miriam Haskell ni nani. Sikujua kwamba ni binti aliyezaliwa Indiana, Marekani, mwaka 1899, akafungua duka lake New York mwaka 1926, wala kwamba Frank Hess ndiye aliyekuwa mbunifu wake kwa miaka mingi. Niliona tu lulu ndogo za kioo, nyeupe iliyotiwa kiza kidogo, zimejaa juu ya kibao cha shaba kilichotobolewa kama jamvi. Nilipofika nyumbani nikampa mamangu. Mamangu alishona kofia za vito maisha yake yote, zile zenye vitundu vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi kwa mkono. Hakuangalia lulu. Aliigeuza bangili, akaangalia mgongo wake, akaona nyaya nyembamba zinazopita kila tundu na kurudi, zimekazwa, hakuna gundi. Akasema, “Huyu aliyeifanya alikuwa na subira.” Kisha akaivaa mpaka magharibi.

Hapo ndipo nilipoanza kukusanya, Bwana Meneja. Mamangu ametangulia mbele ya haki. Kila nilipoigeuza bangili ile niliona alichokiona yeye.

Sasa mgongo wake umelehemiwa. Mahali pa waya mmoja uliokatika fundi wenu ameweka tone la madini ya risasi lenye ukubwa wa punje ya mtama, na kando yake gundi ya manjano. Moto wa kulehemu umepasua shanga tatu. Lulu za aina ile ni kioo kilichochovywa tabaka juu ya tabaka la ute unaong'aa, ambao kwa asili hutokana na magamba ya samaki. Dawa yenu imezichubua, na nyingi zinaonyesha kioo kitupu. Shaba yake ilikuwa na rangi ya dhahabu iliyofifia, isiyong'aa, ambayo wakusanyaji huiita dhahabu ya Kirusi na ndiyo inayoitambulisha kazi ya Haskell hata kabla hujasoma jina. Juu ya rangi hiyo mmechovya dhahabu ya manjano kali. Jina lenyewe, lililochapwa kwenye kibati cha mviringo, limejaa dhahabu hiyo mpaka halisomeki.

Mtaniuliza kwa nini sikuufunga waya ule mwenyewe, kwani ni kazi ya dakika kumi kwa mwenye macho. Macho yangu hayaoni tena waya mwembamba kiasi kile. Nilitaka afunge mtu aliyesomea kazi. Mpwa wangu wa kike alikuwa aivae wiki ijayo siku ya kutolewa nje, yaani bibi harusi anapoonyeshwa kwa wageni, na nilitaka imkae mkononi bila hofu ya kumwagika ukumbini.

Sheria iko upande wangu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma za kiwango kinachofaa na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inasema mtu hana wajibu kwa huduma ambayo hakuiomba. Mimi sikuacha tu kuomba. Nilikataza kwa maandishi, na nyinyi mkakubali kwa maandishi.

Nataka shilingi 18,500 zirudishwe zote, zikiwemo zile 4,500 za kazi niliyoiomba, kwa sababu nayo haikufanywa. Kuhusu fidia ya bangili zenyewe niko tayari kuzungumza, lakini vocha ya kununulia bangili mpya dukani kwenu, niliyopewa kwa simu, siitaki na naomba nisipewe tena. Nataka pia barua yenye mhuri wa kampuni inayoeleza bangili kwa bangili nini kilifanywa, dawa gani ilitumika, na sehemu zipi ni mpya. Barua hiyo nitaiweka kwenye mkebe pamoja nazo. Nikifa, bangili hizi zitapita mikononi mwa wengine, na sitaki mtu auziwe ya Trifari au ya Haskell akidhani iko kama ilivyotoka New York. Na fomu yenu ya kupokea kazi iongezewe mahali ambapo mteja anaandika kisichoruhusiwa kufanywa, na fundi aweke sahihi hapo kabla ya kugusa kitu. Kuna wanawake wengi Pwani wenye vitu vya mama zao ambao hawatajua kukataza kama nilivyokataza mimi.

Nawapa siku 14 kuanzia tarehe ya barua hii. Zikipita bila jibu nitapeleka malalamiko haya, pamoja na picha nilizopiga kabla na baada, kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Bangili sijazigusa tangu Alhamisi. Ziko kwenye karatasi zenu zile zile, ili mtakayemtuma azione kwa macho yake. Akifika gatini Lamu anipigie simu, nitamtuma kijana amlete nyumbani kwa njia ya Usita wa Mui.

Lililo la haraka kuliko yote ni hili. Kijana wenu aliniambia kifungio cha Trifari na vijiwe vya zamani “huenda viko kwenye kopo la vyuma vikuukuu” chini ya meza ya fundi. Kifungio hicho ni chembamba, kirefu kama ukucha wa kidole gumba, na taji lake unaweza kulihisi kwa ncha ya kidole. Naomba kopo hilo lisimwagwe wala lisiuzwe kwa kilo mpaka mtu akae nalo chini, akague kipande kwa kipande.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, Mkomani, Lamu